Mchanga ulivuka kabla yetu

Kwenye orodha ya vijana wangu hapa Mantapala, karibu nusu wamezaliwa siku moja: tarehe 1 Januari. Mgeni akisoma orodha yetu ya mpira anaweza kufikiri ng'ambo ya ziwa kuna kijiji ambako akina mama wote hujifungua siku ya Bonane.

Sisi tunajua sababu. Mtu anavuka hana karti wala cheti cha kuzaliwa. Nyumba imeungua, au walikimbia usiku wakabeba mtoto na sufuria tu. Anaulizwa alizaliwa lini, anataja mwaka. Siku na mwezi zinajazwa hivyo hivyo ili kompyuta ikubali kusonga mbele. Nilipofika Kenani mwaka 2017, nikiwa na miaka 18, nilimwona mama mmoja anacheka peke yake kwenye foleni kwa sababu yeye, mume wake na mkwe wake walikuwa wamepewa siku moja ya kuzaliwa.

Mara nyingi ni jambo la kuchekesha. Kwa kipa wetu halikuchekesha. Mwanzoni mwa 2021 alitolewa kwenye orodha ya watoto wanaosaidiwa shule. Karatasi yake ilisema alizaliwa 01/01/2003, basi ametimiza miaka 18, ni mtu mzima. Mama yake anasema alizaliwa 2006. Siku ya kuandikishwa mama alikuwa kliniki na mtoto mdogo mwenye malaria, jirani ndiye aliyejibu kwa niaba yake. Kijana ni mrefu tangu zamani. Mwandikaji alimtazama, akaandika.

Tulienda kueleza kwenye ofisi inayohusika. Tukaulizwa swali moja: mna ushahidi gani? Sikuwa na jibu. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, hakuna aliyesema neno mpaka tukafika.

Makala hii ni ya historia ya mawe. Nimeanza na kipa kwa sababu mawe ndiyo yaliyonifundisha namna ya kulijibu lile swali.

Mwaka huo huo tulikuwa tunajenga msingi wa kibanda cha vijana. Lori lilimwaga mawe kutoka upande wa Kawambwa, mawe magumu, mengine meupe, mengine ya rangi ya waridi iliyofifia. Jirani yangu, mzee tunayemwita kambo, alikuja kutazama. Alifanya kazi Gécamines huko Likasi miaka mingi na hawezi kupita mbele ya jiwe bila kulishika. Akachukua nyundo, akapasua moja, akanipa kipande.

"Lamba," akasema.

Nikafikiri ananitania. Lakini alikuwa anangoja, basi nikalamba. Jiwe likilowa, unaona vizuri. Lote lilikuwa chembe za mchanga, moja karibu na nyingine, zimeshikana kabisa. Akanionyesha kipande kingine kilichokuwa na mistari midogo ya mawimbi, kama ile unayoiona ufukweni Kashikishi asubuhi.

"Hapa kulikuwaka maji," akasema. "Huu muchanga ulilala, ukafunikwa na mwingine, ukafinywa mpaka ukakuwa jiwe. Sasa uniambie, weye mwenye kusoma: ulitokaka wapi?"

Sikujua. Nikaingia kwenye simu na nikamaliza bando la wiki mbili. Nilichokipata ndicho hiki.

Shuleni tulifundishwa kwamba mawe ni ya aina tatu. Kuna yaliyotokana na mwamba ulioyeyuka ukapoa, kama granaiti. Kuna ya mashapo, yaani mchanga, tope na kokoto zilizoletwa na maji au upepo, zikatulia na kushikana. Na kuna yaliyogeuzwa: jiwe lolote likizikwa chini sana linapata joto na mgandamizo mpaka linabadilika sura bila kuyeyuka. Mchanga ukigeuzwa hivyo unakuwa kwatzaiti. Tope linakuwa slati au shisti.

Mawe mengi ya ukanda wa shaba, kuanzia Kolwezi na Likasi mpaka Kitwe na Chingola, ni mashapo yaliyogeuzwa. Shida yake ni kwamba kugeuzwa kunafuta mengi. Madini ya mwanzo yanapotea, mengine yanaota mahali pake, tabaka zinakunjwa kama nguo kwenye kikapu. Ukiliuliza jiwe la namna hiyo unatoka wapi, ni kama kumuuliza mtu ambaye karatasi zake zimeungua.

Lakini kuna chembe moja ambayo haiungui kirahisi. Inaitwa zirkoni. Inazaliwa ndani ya mwamba ulioyeyuka wakati unapopoa. Ni ndogo sana, nyingi hazizidi sehemu chache za kumi za milimita moja. Granaiti ikiliwa na mvua kwa miaka mingi, madini mengine yanaoza yanakuwa udongo, zirkoni inabaki. Mto unaisomba, inagongwa, inaviringwa, inazikwa na mchanga mwingine, na bado ipo. Hata mchanga ule ukigeuzwa kwa joto la digrii 500 au 600, moyo wa zirkoni unabaki vile ulivyozaliwa.

Na ndani yake kuna saa. Zirkoni inapozaliwa inapokea urani lakini inakataa risasi. Baada ya hapo urani inaanza kuoza polepole sana, na mwisho wa kuoza kwake ni risasi. Kwa hiyo risasi utakayokuta humo, karibu yote imezaliwa humo humo. Unapima urani iliyobaki, unapima risasi iliyopo, unapata umri. Kasi inajulikana: urani-238, nusu yake inageuka kwa miaka bilioni 4.47, na urani-235, nusu yake inageuka kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya chembe moja, na zinatakiwa kusema kitu kimoja. Zikipishana, mtafiti anajua chembe iliumia na risasi ikavuja. Hapo ushahidi wake anaupokea kwa tahadhari.

Kambo aliposikia neno urani alinyamaza kidogo. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, na urani ya huko ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

"Basi kile kintu cha kuua," akasema, "kinajua na kuhesabu miaka?"

Nikamwambia ndiyo, kambo, kinajua.

Kazi yenyewe si ya kuchimba tu. Unachukua kilo kadhaa za jiwe, unaliponda mpaka liwe mchanga tena. Unachekecha. Unaosha kama wachimbaji wa dhahabu, kwa sababu zirkoni ni nzito kuliko mchanga wa kawaida. Unaondoa kwa sumaku zile chembe zinazovutwa. Kisha mtu anakaa kwenye hadubini anaokota chembe moja moja, anazibandika kwenye gundi ngumu, anazisugua mpaka zikatike nusu, ili tumbo lionekane. Zinapigwa picha, na picha inaonyesha miviringo ndani ya chembe kama ya mti uliokatwa. Ndipo mashine inapiga doa dogo sana kwenye kila chembe na kuhesabu atomi. Mashine moja mashuhuri inaitwa SHRIMP. Ilibuniwa Canberra, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na kundi la William Compston, na ilianza kutoa majibu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nilipenda kanuni zao mbili, kwa sababu ni za akili ya kawaida.

Ya kwanza: usiulize chembe moja. Jiwe la mchanga halina mzazi mmoja. Mto unakusanya kutoka milima mingi, kwa hiyo ndani ya kipande kimoja kuna chembe zenye umri tofauti tofauti. Watafiti hupima chembe 60, au 100 na zaidi, wanaangalia umri gani unarudi mara nyingi, halafu wanatafuta ni wapi kuna miamba yenye umri huo. Ukipima chembe tatu tu unaweza kukosa ukoo mzima.

Ya pili: chembe changa kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka. Ukichimba ukakuta kopo la sarafu za Zambia, na moja imeandikwa 2012, huwezi kukubali mtu akikuambia lilifukiwa 1990. Hata kama sarafu nyingine zote ni za zamani, kopo haliwezi kuwa na umri kuliko sarafu yake ya mwisho. Ndivyo ilivyo kwa jiwe. Huko Jack Hills, magharibi mwa Australia, kuna mawe ya kokoto yaliyogeuzwa, na ndani yake ilipatikana zirkoni ya miaka bilioni 4.4. Jiwe lenyewe lina miaka karibu bilioni 3. Chembe ni kongwe, jiwe ni changa. Usichanganye umri wa msafiri na siku aliyofika.

Sasa turudi kwetu. Chini ya sehemu hii ya kaskazini mwa Zambia, kutoka huku Mweru kwenda Mansa, Bangweulu na Kasama, kuna kipande kikubwa cha ganda la dunia ambacho wanajiolojia wanakiita Bloku ya Bangweulu. Granaiti zake nyingi na mawe yake ya volkano yana umri wa kati ya miaka bilioni 1.8 na 1.9. Juu yake kumelala mawe ya mchanga na kwatzaiti yanayoitwa Kundi la Mporokoso. Wazee wetu wanalijua jina la Mporokoso kwa sababu ya kambi ya Mwange. Wanajiolojia wanalijua kwa sababu ya mchanga uliogeuka jiwe. Yale mawe ya msingi wa kibanda chetu yanafanana na ya kundi hilo.

Upande wa pili, Katanga, mashapo yaliyogeuzwa yenye shaba na kobalti yana tabaka kuu tatu: Roan chini, Nguba katikati, na Kundelungu juu, yenye jina la ule uwanda wa juu ulioko magharibi ya bonde la Luapula. Tabaka za Roan zimekalia granaiti ya Nchanga, pale Chingola, ambayo ina miaka karibu milioni 880 na ilikuwa imeshaliwa na mvua kabla ya kufunikwa. Kwa hiyo Roan ni changa kuliko miaka milioni 880. Baadaye yote yalikunjwa na kugeuzwa, wakati milima ilipoinuka hapo kati ya Kongo na Zambia, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mwaka 2005 Sharad Master, Christine Rainaud, Richard Armstrong, David Phillips na Laurence Robb walichapisha umri wa zirkoni walizotoa kwenye mawe hayo. Nyingi hazikuwa na miaka milioni 800 wala milioni 900. Zilikuwa na miaka kati ya bilioni 1.8 na bilioni 2.1. Yaani mchanga wa Katanga ulikuwa mzee kupita kiasi. Walipotafuta miamba ya umri huo walifika kwenye miamba ya Lufubu, iliyo chini ya ukanda wa shaba wenyewe, na kwenye Bloku ya Bangweulu.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Kisha nikachora chini kwa kijiti mbele ya kikundi. Hapa Mweru. Hapa Luapula. Huku Nchelenge, Kawambwa, Mansa. Kule Likasi, Kolwezi. Nikawaambia: sehemu ya mchanga uliomo kwenye mawe ya kwetu inaonekana ilitoka upande huu. Mito ya wakati ule iliubeba kutoka nchi tuliyokimbilia ikaupeleka nchi tuliyokimbia.

Wakatazama mchoro. Kipa akasema, "Basi watu wa huku, mawe yao ndiyo yalikuwa wakimbizi kwetu." Watu wakacheka sana. Msichana mmoja wa Nchelenge, ambaye anakuja kucheza netiboli na wetu, akacheka kuliko wote.

Lakini kambo hakubali jambo kirahisi. Akauliza, "Granaiti za myaka ile ziko hapa tu?" Ni swali zuri, na ndilo linalowasumbua wataalamu. Umri si anwani. Miamba ya karibu miaka bilioni 1.9 ipo pia kwenye ukanda wa Ubende, ulioko kusini-magharibi mwa Tanzania na unaopita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Zirkoni inasema nilizaliwa lini, haisemi jina la mlima. Mtafiti lazima aangalie na mengine: mistari ya mawimbi inaonyesha maji yalikuwa yanakwenda upande gani, kokoto kubwa zinaonyesha mlima ulikuwa karibu. Akiunganisha yote ndipo anaweza kusema inaelekea ilikuwa huku.

Kuna na jambo la kukimbia mara mbili. Mawe ya mchanga ya Kasama yalidhaniwa miaka mingi kuwa sehemu ya kundi lile lile la Mporokoso, kwa sababu yanafanana. Mwaka 2007 Bert De Waele na Ian Fitzsimons walichapisha umri wa zirkoni zake. Nyingi zilikuwa za kale kama za Mporokoso, lakini chembe changa kabisa zilikuwa na miaka karibu bilioni 1.43. Kumbuka sarafu kwenye kopo. Mawe ya Kasama hayawezi kuwa na umri kuliko hapo, yaani ni machanga kuliko ya Mporokoso kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Maelezo yao ni kwamba mawe ya Mporokoso yenyewe yalivunjika tena, mchanga ukasombwa tena, ukalala mara ya pili. Chembe zile zilipita mito miwili na makaburi mawili. Hapa Mantapala wapo wanaoelewa habari hiyo bila kuelezwa. Wapo waliokaa Kala au Mwange wakiwa watoto kuanzia 1999 na 2000, wakarudi Kongo, wakajenga, wakavuka tena 2017. Kwenye karatasi mpya wanaonekana kama waliofika mara ya kwanza.

La mwisho lilinigusa kwa namna nyingine. Mwaka 2003 Rainaud na wenzake walipima zirkoni kwenye jiwe la majivu ya volkano la upande wa Likasi. Volkano ikilipuka inabeba chembe kutoka kwenye miamba iliyoko chini sana njiani. Humo walikuta zirkoni za miaka kati ya bilioni 3 na 3.2. Hakuna mwamba wa umri huo unaoonekana juu ya ardhi ya eneo hilo. Wakaamua kwamba chini ya Likasi imejificha nchi nyingine, kongwe zaidi, ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga. Wanajua ilikuwepo kwa sababu ya watoto wake tu. Niliposoma hayo nilifikiria watoto wanaofika peke yao. Mara nyingi mtu anasema, huyu hajulikani wazazi wake. Wazazi wake wapo kwenye sura yake, kwenye matamshi yake, kwenye namna anavyoita samaki. Kutokuonekana kwa wazazi si dalili kwamba hawakuwepo.

Na kuhusu kugeuzwa. Wakati mwingine joto linapozidi, zirkoni inaota ngozi mpya juu ya ile ya zamani. Katikati kuna umri wa kuzaliwa, pembeni kuna umri wa mateso. Mashine ikipiga doa pembeni peke yake, itaandika kwamba chembe ilizaliwa siku ya moto. Ndiyo maana wanapiga picha kwanza, wajue moyo uko wapi. Nawaomba wanaotuhoji wafanye hivyo pia. Vijana wangu wengi, wakiulizwa habari zao, wanaanza na 2016 au 2017, siku walipokimbia, kwa sababu ndilo swali wanaloulizwa kila mara. Ukingoja kidogo na ukawapa muda, wanafika kwenye moyo: shamba la mihogo, shule, bibi aliyekuwa anauza samaki Pweto.

Sitaki mtu achukue makala hii akadai ardhi kwa ajili ya mchanga. Mchanga haudai kitu. Historia ya watu wa ziwa hili inatosha yenyewe. Walunda wa Mwata Kazembe walitoka magharibi, nchi ya Mwata Yamvo, wakavuka Luapula, na katika karne ya 18 ufalme wao ulisimama katika bonde hili. Kila mwaka mwishoni mwa Julai, kule Mwansabombwe, safari hiyo inakumbukwa kwa ngoma ya Mutomboko. Watu walikuwa wanavuka kwa biashara, kwa ndoa, kwa chumvi na shaba. Mpaka ulikuja Mei 1894, wakati Uingereza ilipokubaliana na Mfalme Leopold II, mtawala wa Dola Huru ya Kongo, kwamba mstari upite ndani ya Mweru na kufuata Luapula. Mstari huo una miaka mia moja thelathini hivi. Wavuvi wa pande zote mbili wanaujua kwa sababu wanakamatwa wakiupita. Samaki hawaujui.

Turudi kwa kipa. Baada ya wiki za mawe nikaelewa kosa langu ofisini. Niliulizwa ushahidi nikafikiri wanataka karatasi moja yenye jibu lote. Hatukuwa nayo na hatutakuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni chembe chembe, na hakuna aliyezikusanya.

Basi tukazikusanya. Mama yake alieleza mwaka na msimu: alimzaa wakati wa mvua, mwaka wa uchaguzi wa kwanza, wakati Joseph Kabila alipopambana na Bemba. Huo ni 2006. Ni neno la mama, na ofisi ilishalikataa, lakini ni chembe moja. Mwalimu wake wa zamani wa shule ya msingi yuko hapa hapa Mantapala, sehemu nyingine. Aliandika na kutia sahihi kwamba alimfundisha mwaka wa kwanza 2012. Chembe ya pili. Jirani aliyejibu siku ile aliandika kwamba alikisia, hakuambiwa na mtu. Chembe ya tatu, na namshukuru, kwa sababu si rahisi kuandika kwamba ulikosea.

Iliyoweka mpaka ni nyingine. Kaka yake, aliyemtangulia tumbo moja, alikuwa na karti ya ubatizo. Mama aliishona ndani ya mto wa kulalia kabla ya kukimbia, na aliisahau kwa sababu haikuwa ya mtoto mwenye shida. Imeandikwa kaka alizaliwa 14 Machi 2005. Nilipoiona nilikaa chini. Mdogo hawezi kuzaliwa kabla ya kaka yake, wala, kwa kawaida, kabla ya miezi kama tisa kupita baadaye. Kwa hesabu ya kawaida kipa hakuweza kuwa amezaliwa kabla ya Desemba 2005. Siku ile alipotolewa kwenye orodha kwa kuwa mtu mzima, hakuwa na zaidi ya miaka 15.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Sikuandika habari ya zirkoni, nisije nikaonekana mwehu. Niliandika tu: karti hii ni ya kaka mkubwa, tarehe ni hii, kwa hiyo tarehe ya mdogo iliyoandikwa haiwezekani. Kisha nikapanga ushahidi mwingine chini yake. Aliyeipokea aliisoma, akaisoma tena, akahesabu kwa vidole, akapiga muhuri.

Jibu lilichukua miezi mitano. Kipa alikuwa amepoteza mihula miwili. Alikuwa anauza chisense Kashikishi pamoja na mjomba wake na alishaanza kusema shule si ya watu kama yeye. Siku ya jibu nilimkuta sokoni, mikono inanuka samaki, nikampa karatasi. Imeandikwa sasa alizaliwa 01/01/2006.

Akaitazama. "Bonane tena," akasema.

Tukacheka mpaka wenye meza za jirani wakauliza kuna nini. Alirudi darasani. Siku ya kweli ya kuzaliwa kwake bado haijaandikwa popote isipokuwa hapa kwa maneno ya mama yake: msimu wa mvua, mwaka wa uchaguzi.

Tangu hapo nina daftari. Kila kijana mpya akija kwenye kikundi simuulizi alizaliwa lini. Namuuliza nani alimtangulia, nani alimfuata, nani alimfundisha mwaka wa kwanza, na kama kuna karti ya mtu yeyote wa nyumbani iliyobaki, hata ya mtoto asiye na shida. Wewe unayesoma hapa, kama una wadogo, andika leo mpangilio wao na miaka unayoikumbuka, mkiwa bado pamoja na mama zenu. Angalia na ndani ya mito ya kulalia.

Kambo alichukua kile kipande cha jiwe chenye mawimbi. Kipo mlangoni kwake, anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Nikipita jioni ananiuliza kama nimesoma kitu kipya.